Deki ya Charizard ex iliyopangwa tayari: uzoefu wangu, na sheria ambazo muuzaji hakutuambia

Deki hii, yaani rundo la kadi za mchezo wa Pokémon, nilimnunulia mpwa wangu wa miaka kumi, hapa Leicester, Uingereza, mwaka 2025. Si boksi la kiwandani. Kuna duka moja la michezo ya mezani ambalo huchagua lenyewe kadi 60 za Pokémon, huzivika vifuko vya plastiki na kuziuza kama seti iliyo tayari kuchezwa. Niseme mapema kwamba kadi ni halisi, zimechaguliwa na mtu anayeujua mchezo, na mtoto anashinda nazo. Kilichokosekana ni maelezo. Ndani tulikuta kikaratasi kimoja tu, chenye orodha ya kadi na sentensi mbili za jinsi ya kuanza. Deki ya namna hii ndiyo inayohitaji maelezo kuliko nyingine zote, kwa sababu nguvu yake kubwa imefichwa kwenye sheria za pekee, zile zinazoandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya kadi.

Kwa wasioujua mchezo: kila mmoja ana kadi 60, anachanga, anachota saba mkononi, kisha anatenga sita kifudifudi ziwe kadi za zawadi. Ukimwangusha Pokémon wa mwenzako, yaani ukimaliza uhai wake, unachukua zawadi moja. Wa kwanza kumaliza sita zake ameshinda. Kuna njia nyingine za kushinda, lakini hiyo ndiyo utakayoiona mara nyingi.

Sasa Charizard ex, kadi kuu ya deki hii; "ex" ni alama ya Pokémon wenye nguvu kuliko wa kawaida. Ana uhai 330, kiasi ambacho Pokémon wa kawaida hafikii. Bei yake imeandikwa chini ya kadi: akiangushwa, mpinzani anachukua zawadi mbili. Ukifanya hesabu, wakianguka ex watatu umekwisha. Na deki hii ina ex mwingine, Pidgeot, mwenye uhai 280, ambaye kila zamu anakuruhusu kutafuta kadi yoyote ndani ya deki na kuitia mkononi. Hata ukiwa na Pidgeot ex wawili mezani, uwezo huo hutumiki zaidi ya mara moja kwa zamu. Hilo nalo limeandikwa, lakini mtoto akiwa na haraka hasomi mpaka mwisho wa mstari.

Uzuri wa Charizard huyu ni kwamba anakula hasara yako. Shambulio lake linaanzia 180, na kwa kila zawadi ambayo mpinzani ameshachukua linaongezeka 30. Mwenzako akishachukua nne, unapiga 300. Kwa hiyo aliyekuwa anaongoza anajikuta kila hatua aliyopiga inamrudia usoni. Nimewaona vijana wakubwa pale dukani wakisita kabisa kuchukua zawadi ya nne, wakikokotoa kwanza. Mpwa wangu hilo alilishika haraka kuliko yote, labda kwa sababu yeye ndiye huwa anaanza kwa kupigwa.

Jambo linalowachanganya wazazi wengi pale mezani ni namna ya kumpandisha, yaani kumweka juu ya umbo lake la awali. Charizard ex hapandi juu ya Charizard wa kawaida. Anapanda juu ya Charmeleon, au moja kwa moja juu ya Charmander, umbo la kwanza, ukitumia kadi ya Rare Candy, mradi isiwe zamu yako ya kwanza na Charmander huyo asiwe amewekwa mezani zamu hiyohiyo. Anayekumbuka kadi za VMAX, zilizokuwa zinawekwa juu ya kadi za V, wenye nguvu wa kabla ya hawa ex, anadhani na huku ni vilevile. Hapana. Herufi "ex" ni sehemu ya jina, kwa hiyo Charizard na Charizard ex ni majina mawili tofauti, na unaruhusiwa hadi nne za kila jina. Picha ikibadilika jina halibadiliki: Charizard ex wa mchoro wa kawaida na yule wa mchoro wa bei mbaya wote wanahesabiwa kwenye nne zilezile. Akipandishwa kutoka mkononi, anakuruhusu kutafuta nishati za moto za kawaida (kadi zinazolipia mashambulio) hadi tatu na kuwagawia Pokémon wako upendavyo. Hapo ndipo deki inapowaka.

Lakini sheria iliyotutoa jasho ni ya Tera, aina ya pekee ya Pokémon ambayo Charizard huyu ni mmoja wao. Charizard huyu ana kipande kingine cha maandishi kinachosema kwamba akiwa benchi, yaani kwenye safu ya nyuma ya yule anayepigana mbele, pigo lolote linalotokana na mashambulio halimpati, liwe lako au la mpinzani. Mtoto akisoma hivyo anaelewa kitu kimoja tu: benchi haguswi.

Jumamosi moja mpwa wangu alikutana na kijana mwenye Dragapult ex. Dragapult alimpiga Charizard akiwa mbele, pigo 200, na uhai ukabaki 130. Mpwa akatumia akili, akamrudisha Charizard benchi na kumweka Pidgeot mbele, akatulia. Zamu iliyofuata yule kijana akampandisha Dusclops wake kuwa Dusknoir. Uwezo wa Dusknoir ni kuweka kete 13 za madhara juu ya Pokémon mmoja wa mpinzani, kisha yeye mwenyewe anaanguka. Kila kete ni 10. Kumi na tatu ni 130. Akaziweka zote juu ya Charizard aliyekuwa benchi, taratibu, moja moja.

"Mjomba, hawezi! Yupo benchi! Imeandikwa hapa!"

Mimi nikanyamaza, nikamwita refa wa ligi. Yule mama hakumpa mtoto jibu. Alimwambia asome kwa sauti, tena polepole. Alipofika kwenye neno "mashambulio" akamsimamisha. Dusknoir ameshambulia? Hapana, ametumia uwezo wake. Akamwongezea la pili: hata kama kete zingetokana na shambulio, kuweka kete siyo kupiga. Dragapult mwenyewe hufanya hivyo: shambulio lake linapiga 200 mbele, halafu linaweka kete sita kwenye benchi ya mpinzani, azigawe anavyotaka. Zile 200 ni pigo. Zile kete sita siyo pigo, kwa hiyo ngao ya Tera haizizuii. Udhaifu na ukinzani navyo havizihusu kete, ndiyo maana zinatua kwa idadi ileile iliyoandikwa, haziongezeki wala hazipungui.

Charizard akaanguka, mpinzani akachukua mbili. Ila Dusknoir naye alikuwa ameanguka, na mpwa wangu akachukua moja, jambo ambalo kwa hasira alikuwa hata halikumbuki mpaka refa alipomwonyesha kidole kwenye rundo lake la zawadi.

Dakika zile tano na refa zilitufaa kuliko kila kitu tulichopewa dukani. Tangu hapo kila kadi mpya mtoto anauliza maswali mawili: hili ni shambulio au uwezo, na hapa wanapiga au wanaweka kete? Ukishika hayo mawili, kadi nyingi za ajabu zinakuwa za kawaida.

Nije kwenye lawama yangu. Ndani ya deki mlikuwa na Radiant Charizard, kadi inayong'aa, nzuri kwa macho na kwa kazi. Sheria yake ya pekee ni kwamba deki nzima inaruhusiwa kuwa na Radiant mmoja tu, wa jina lolote. Akianguka anatoa zawadi moja, tofauti na ex. Aliyepanga deki alijua anachofanya, kwa sababu kuna Mimikyu mdogo mwenye uhai 70 ambaye pigo la ex na la V halimpati kabisa. Charizard ex anaweza kusimama mbele yake akapiga mpaka kesho asimchubue. Radiant si ex wala si V, kwa hiyo anampita. Hata hivyo Radiant anahesabiwa miongoni mwa Pokémon wenye kisanduku cha sheria, yaani zile sheria za pekee za chini ya kadi, kundi linalojumuisha ex, V na wenzao. Kwa hiyo kadi inayozima uwezo wa wenye kisanduku inamzima na yeye.

Tatizo ni kwamba Radiant Charizard ana alama ya herufi F kwenye kona ya chini, na kadi za F zilitolewa kwenye mashindano ya mfumo wa Standard, unaoruhusu kadi za karibuni tu, tarehe 11 Aprili 2025. Sisi tulinunua baada ya hapo. Tulipofika ligi, refa alipitia deki, akaitoa kadi hiyo kwa upole, na mtoto akabaki na 59. Deki lazima iwe 60 kamili, si pungufu si zaidi. Tukaazima nishati moja ya moto tukajaza. Duka liliandika kwenye boksi kwamba deki iko tayari kwa ligi. Haikuwa tayari. Nilipowarudia walijibu kwamba nyumbani inachezeka, na hilo ni kweli, lakini sivyo walivyoandika. Kabla hujalipa deki yoyote ya kupangwa, zipitie herufi zote za kona ya chini. Charizard ex huyu ana G, na kila herufi zamu yake ya kutolewa hufika, kama ilivyofika ya F.

ACE SPEC waliiweka sawasawa. Hizi ni kadi zenye fremu ya rangi ya waridi kali, na sheria yake ni kali kama ya Radiant, kuliko wengi wanavyodhani: siyo moja ya kila jina, ni moja tu ndani ya deki nzima. Sisi tulipewa Prime Catcher, ambayo inamvuta Pokémon wa benchi ya mpinzani aje mbele, kisha unabadilisha na wa kwako. Mpwa alitaka kuongeza Maximum Belt inayoongeza 50 kwenye pigo dhidi ya ex aliye mbele. Hairuhusiwi, lazima achague. Alinuna siku nzima. Mimi ningebaki na Prime Catcher, maana Charizard pigo analo tayari. Anachokosa ni kumfikia anayejificha nyuma.

Kuhusu Mega ex zilizoanza kutoka Septemba 2025, deki hii haina hata moja, lakini utakutana nazo. Mega akianguka anatoa zawadi tatu, kwa hiyo wawili tu wanatosha kumaliza mchezo. Anabaki kuwa ex, hivyo kila kadi inayowalenga ex inamhusu. Wazee wa mchezo wanaokumbuka Mega wa 2014, ambao ukimpandisha zamu yako inakatika hapohapo, wasiwe na wasiwasi. Hawa wapya hawana sharti hilo.

Nyota naipa tatu kati ya tano. Kadi zenyewe zingepata nne na nusu. Kama nyumbani kuna mtu mzima aliye tayari kukaa na mtoto na kusoma mstari kwa mstari, inunue, ila mwambie muuzaji aitoe Radiant na aweke mshambuliaji mwingine asiye ex, akupunguzie na bei. Kama mtoto anaanza kabisa na hakuna wa kukaa naye, anza na boksi la Battle Academy la mwaka 2024, ambalo lina deki za Pikachu ex, Armarouge ex na Darkrai ex pamoja na mwongozo wa hatua kwa hatua. Hii ya Charizard aje aichukue baadaye, akishazoea kuhesabu zawadi. Vifuko vya plastiki walivyotuwekea, kwa njia, vimeanza kuchanika pembeni. Nunua vingine siku hiyohiyo.