Upasuaji wa kuinua uso: uzoefu wangu, mwezi wa 11 tangu nifanyiwe

Nilifanyiwa Istanbul, uso wa chini pamoja na shingo. Matokeo nayapa nane kwa kumi, na mbili nilizozibakiza nitazieleza huko chini. Kwanza ieleweke upasuaji huu unagusa nini. Unainua nyama za mashavu zilizoporomoka mpaka zikavuka mstari wa taya, na unakaza shingo iliyolegea. Mifereji inayotoka puani kwenda pembe za mdomo hupungua kiasi tu. Paji la uso, kope, vimistari vya juu ya mdomo na madoa havimo kabisa. Mwenye madoa atatoka na madoa yake yaleyale, yamesogea tu kuelekea sikioni.

Kwetu wenye ngozi nyeusi hilo lina uzito wake. Ngozi yetu huchelewa kujikunja, hivyo umri huonekana zaidi katika kuporomoka kuliko katika makunyanzi. Kuvuta ngozi peke yake basi ni kutibu kisichoumwa. Chini ya ngozi na mafuta kuna utando mgumu ulioungana na misuli ya uso, madaktari huuita SMAS, na Mitz na Peyronie waliueleza mwaka 1976. Huo ndio wa kuinuliwa. Wapo madaktari wanaoukunja na kuushona, wapo wanaokata kipande chake, na wapo wanaopita chini yake, wakaachia kano zinazoushikilia, kisha wakainua utando na ngozi kwa pamoja. Njia hii ya mwisho, aliyoieleza Hamra mwaka 1990, ndiyo niliyoichagua, kwa sababu mzigo wa kuvuta unabebwa na utando, na ngozi inalazwa juu yake bila kukazwa. Ngozi iliyokazwa hulegea tena mapema, na kabla ya kulegea hupanua kovu na kuvuta ndewe kwenda chini hadi sikio likaonekana limegandishwa shavuni. Mwenye asili ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, akishonwa kwa kukazwa, ameitafuta.

Ndiyo maana picha za kumpimia daktari si zile za mbele zenye tabasamu. Mwombe picha za ubavuni, nywele zimebanwa juu, mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, na za watu wenye ngozi kama yako. Tazama ndewe: iwe imening'inia huru. Tazama kile kinyama kinachochomoza mbele ya tundu la sikio: kiwe bado kimechomoza, kisiwe kimelala bapa. Halafu tazama nywele za mbele ya sikio. Chale huanzia kwenye panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, hupanda nyuma yake na kuishia kwenye nywele za kisogoni. Chale ya panja ikipitishwa ndani ya nywele, zile za pembeni huvutwa nyuma na juu. Kwa mwanamke ambaye kingo za nywele zimeshaliwa na misuko ya kukaza, hilo ni hasara kubwa. Mwambie daktari wazi kwamba unasuka, ili chale ifuate ukingo wa nywele. Mwanamume naye ahakikishe inapita mbele ya kile kinyama cha sikio, la sivyo ndevu zitaota juu yake.

Maandalizi ni ya kuchukua kwa uzito. Sigara na shisha nikotini yake hubana mishipa ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio, ambayo iko mbali kabisa na chanzo cha damu, ndiyo hufa kwanza. Viache wiki 4 kabla na wiki 4 baada, bila kudanganya. Aspirini, ibuprofeni, vitamini E, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu huachwa wiki 2 kabla, lakini dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kuganda kwa damu usiiache bila ruhusa ya aliyekuandikia. Dawa ya presha haiachwi. Na mkorogo utajwe kwa daktari hata kama unaona haya: krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi, ambayo hukondesha ngozi na kuchelewesha kidonda kupona. Pia kama uliwahi kupata keloidi kwa kutoga sikio tu, binafsi nakushauri uachane na upasuaji huu.

Upasuaji wenyewe ulichukua saa tano, kwa nusu kaputi. Hapo huna la kufanya. Lako linaanza ukizinduka.

Saa 24 za kwanza ndizo za hatari, na sababu yake ni rahisi. Dawa ya ganzi inayodungwa usoni huchanganywa na adrenalini ili mishipa ibane na isivuje damu nyingi wakati wa kukata. Adrenalini ikiisha mishipa hufunguka, na presha ikipanda wakati huohuo, damu huvilia chini ya ngozi. Wanaume hupata zaidi kuliko wanawake. Dalili ni upande mmoja kuuma na kukaza kuliko mwingine, kuvimba kwa kasi na ngozi kugeuka zambarau. Si jambo la kungoja asubuhi. Unarudishwa chumba cha upasuaji, damu inatolewa, la sivyo ngozi iliyoinuliwa inaweza kufa. Kwa hiyo usikubali kifurushi cha safari na upasuaji kinachokupeleka hotelini jioni ileile. Ulale mahali penye muuguzi anayepima presha usiku kucha. Omba mapema dawa ya kuzuia kutapika na ya kulainisha choo, kwa kuwa kutapika, kukohoa na kujikamua vyote hupandisha presha ya kichwani.

Nilivalishwa bandeji na mirija miwili ya kutoa damu, ikatolewa siku ya pili. Lala chali, mgongo na kichwa vimeinuka kama nyuzi 30. Kurundika mito chini ya kichwa pekee ni kosa, kwani hukunja shingo na kuzuia damu kupita. Uvimbe hufikia kilele siku ya tatu, michubuko hushuka shingoni mpaka kifuani. Kula uji, mtori, vitu laini. Anayeswali aketi kitini na asujudu kwa ishara wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa kuinamisha kichwa ndiko kunakozuiwa. Nyuzi za mbele zilitolewa siku ya 6, za nyuma siku ya 10. Panga kubaki huko mpaka hizo za mwisho zitoke.

Ganzi ya mashavu na masikio hudumu miezi, na watu huidharau. Ngozi isiyohisi huungua bila wewe kujua: nywele zikaushwe kwa hewa ya baridi, na kofia ya saluni iachwe kabisa mpaka hisia zirudi. Hereni nzito nazo zisubiri. Kusuka nilianza mwezi wa nne baada ya upasuaji, misuko milegevu.

Sasa zile alama mbili. Ya kwanza ni mdomo wa chini, upande wa kushoto, uliogoma kushuka nikicheka. Mshipa mdogo wa fahamu unaopita chini ya taya ulikuwa umechoka kwa kuvutwa. Ulirudi wiki ya 9. Mara nyingi hurudi, lakini wakala aliyeniuzia kifurushi hakutaja hata mara moja kwamba hili hutokea, na katika fomu ya ridhaa lilikuwa mstari mmoja wa Kiingereza. Dai fomu mapema uisome nyumbani.

Ya pili ni kovu la nyuma ya sikio la kulia. Mwezi wa tatu lilianza kuwasha na kuinuka. Kifurushi kilikuwa na ufuatiliaji wa video tu, na video haichomi sindano. Daktari wa ngozi hapa nyumbani alichoma steroidi ndani ya kovu mara tatu, kila baada ya wiki 4, nami nikalibandika karatasi ya silikoni kila usiku. Limelala. Daktari huyo mtafute kabla ya kupanda ndege, na ukiona kovu linawasha nenda wiki hiyohiyo. Likishakuwa gumu sindano hufanya kazi polepole.