Duka dogo la dawa Kirumba: nyota nne, moja nimeibania

Sisi tunaoshinda ndani ya gambuti kiwanda cha samaki, fangasi za miguu tunazijua. Maduka mengi ya dawa ukitaja tu "fangasi" unakabidhiwa tyubu na kudaiwa hela. Hili la Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, dada wa kaunta alianza kwa kuuliza: "Pole kaka. Ziko katikati ya vidole au kwenye unyayo? Panatota au pamekauka?"

Nikamwambia kote kote. Akatoa dawa mbili.

Ya vidole ni krimu ya clotrimazole, asilimia 1. Krimu ni mafuta na maji yaliyochanganywa yakashikana, kwa hiyo inanywewa na ngozi na haiachi utelezi penye unyevu. Ya unyayo ni Whitfield: asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, ndani ya mafuta mazito. Unyayo wangu ulikuwa mgumu kama gome la mwembe. Salisiliki inaumenya taratibu, mafuta yanaufunika usikauke, dawa inapata njia. Kwenye vidole vilivyochubuka akaikataza kabisa: "Itakuchoma mpaka ucheze bila ngoma."

Whitfield inanata, nisiwafiche. Shuka zina madoa, na kandambili zinateleza bafuni. Naipaka usiku na soksi kuukuu juu. Krimu naipaka asubuhi nikishakausha vidole, na muda si mrefu naingia kwenye gambuti bila shida. Muwasho umekwisha, gome linabanduka. Ameniagiza krimu nisiiache mapema, niendelee angalau wiki mbili hata pakionekana pamepona.

Nyuma yangu alikuwepo mama na mtoto mwenye vipele vya nepi. Yeye alipewa pesti ya zinki, ile nyeupe nzito yenye unga mwingi: haisambai, inakaa ilipopakwa na kuzuia mkojo usiguse ngozi. Mzee wa magoti akapata jeli ya diclofenac ya kutuliza maumivu, inayokauka upesi bila kuchafua suruali. Foleni ilisogea polepole, ila hakuna aliyenung'unika.

Nyota niliyoibania ni ya rafu ya mbele. Jua la mchana linapiga moja kwa moja kwenye krimu, wakati boksi lenyewe limeandikwa joto lisizidi nyuzi 30, na krimu ikipata joto hujitenga mafuta na maji. Nilipomwambia dada alicheka, akasema bosi anataka kioo kijae.