Uzoefu wangu: ada za wakili na ushuru niliponunua nyumba ya kwanza Mombasa

Mwaka 2023 nilinunua fleti ya vyumba viwili Bamburi, kwa shilingi milioni 4.8. Bei ya nyumba niliijua tangu siku ya kwanza. Kilichoninyima usingizi ni kile kiasi kilichokuja juu yake kwa jina moja tu: "ada ya kisheria." Naandika haya kwa anayejiandaa kununua sasa, maana mimi nilitafuta mtu wa kunifafanulia nikamkosa.

Kwa wakili wa kwanza nilipelekwa na dalali. Ofisi nzuri, chai ikaletwa, na baada ya dakika kumi nikakabidhiwa karatasi yenye mstari mmoja: shilingi 385,000, kila kitu ndani. Nikauliza, ndani mna nini? Nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, ndiyo kawaida. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Jibu lisiloonyesha njia silipokei kwa mwanafunzi wangu, sembuse kwa mtu anayegusa akiba yangu ya miaka tisa. Nikashukuru kwa chai, nikaondoka.

Wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu ambaye huyu wakili alimhamishia shamba la marehemu babake. Kabla ya kwenda nilitafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria Kenya, LSK, ambako yeyote anaweza kuona kama wakili ana kibali cha kufanya kazi mwaka huo. Alikuwa nacho. Mama huyu hakunitajia jumla. Alichukua fulskepu, akaigawa kwa rula safu tatu, akanigeuzia. "Mwalimu, hii yangu, hii ya serikali, na hii inapita tu mkononi mwangu."

Safu yake ilikuwa fupi. Kwa kiwango cha ada za mawakili cha mwaka 2014, nyumba isiyozidi milioni 5 hutozwa asilimia 2 ya bei, na haishuki chini ya shilingi 35,000. Kwangu ikawa 96,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake, 15,360. Nikajaribu kupatana, kama tunavyopatana kila kitu hapa pwani. Akanieleza kwa upole kwamba Sheria ya Mawakili inamkataza kutoza chini ya kiwango. Wakili anayekuitia bei ya kutupa anavunja sheria kabla hata hajafungua faili lako. Alichoweza ni kugawanya malipo: nusu tukitia saini mkataba wa mauzo, nusu uhamisho ukikamilika. Kwa mtu wa mshahara, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Safu ya pili ndiyo iliyonifumbua macho. Ushuru wa stempu, ule unaolipwa serikalini mali inapohamishwa, ni asilimia 4 kwa mali ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Bamburi ni mjini, kwa hiyo 192,000. Yaani sehemu kubwa ya ile tuliyokuwa tukiiita "pesa ya wakili" nyumbani, wala si ya wakili! Akaniandikia pembeni kwa penseli: "Weka akiba." Ushuru hauhesabiwi kwa bei mliyokubaliana peke yake, mthamini wa serikali huja kuiangalia nyumba, na akiona thamani yake imezidi bei, unalipia thamani. Yangu ilithaminiwa milioni 5.1. Ushuru ukapanda hadi 204,000, nami zile 12,000 za ziada nilikuwa nazo tayari kwa sababu ya ile penseli.

Pesa hizo hazikupita kwake hata senti. Alitoa hati ya malipo ya KRA, mamlaka ya kodi, kwa PIN yangu mwenyewe (namba yangu ya mlipakodi), nikaenda nayo benki, nikarudi na risiti. Ukiweza, fanya hivyo hivyo. (Wanaonunua nyumba yao ya kwanza kupitia mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu wamesamehewa ushuru huu. Mimi nilinunua kwa mtu binafsi, sikuhusika.)

Safu ya tatu ni vile vidogo vidogo: sachi ya hati (kukagua rekodi za umiliki), usajili wa uhamisho, nakala, nauli za karani. Alikadiria 8,000. Mwishoni alinipa bahasha ya risiti zenye jumla ya 7,250, na 750 zikarudi kwa M-Pesa jioni ile ile.

Ila kama kuna siku moja ada yake ilijilipa yenyewe, ni siku tuliposoma rasimu ya mkataba iliyotoka kwa wakili wa muuzaji. Mimi nilikuwa nimeipitia mara mbili usiku nikaona iko sawa. Yeye akafika ukurasa wa nne, akatia kidole kwenye sentensi moja: mnunuzi atalipa "kodi zote zinazotokana na uhamisho huu." Akaniuliza kama najua kodi zote ni zipi. Nikataja stempu. Akatikisa kichwa. Kuna kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni mzigo wa muuzaji, na Januari mwaka ule ule ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Mzee aliyeniuzia alikuwa ameinunua fleti kwa milioni 3.2. Faida ni milioni 1.6, asilimia 15 yake, kabla ya kuondoa gharama zake, ni 240,000. Sentensi ile ingeniangushia mimi deni lile. Akachukua kalamu nyekundu, akaikata, akaandika juu yake: "kila upande utalipa kodi zake kisheria." Upande wa pili haukubisha.

Arubuni ya asilimia 10, yaani 480,000, ilikaa kwa wakili wa muuzaji hadi mwisho, si mfukoni mwa muuzaji. Mkataba ulitupa siku 90. Tulimaliza kwa siku 131, kwa sababu muuzaji alikuwa na malimbikizo ya kodi ya kaunti na bila cheti cha kutodaiwa uhamisho hauendi. Siku hizo 41 nililipa pango la nyumba niliyokuwa nikikaa, na hilo hakuna aliyekuwa amenitahadharisha.

Jambo jingine ambalo halikuwemo kwenye fulskepu: nilikopa milioni 2.4 kwenye Sacco, nayo Sacco ina wakili wake wa kuandika rehani, ambaye bili yake ni yako wewe mkopaji. Ushuru wa stempu wa rehani ni mdogo, asilimia 0.1, kwangu 2,400. Bili ya wakili haikuwa ndogo. Kama unanunua kwa mkopo, iulize mapema, siku ile ile unayojaza fomu.

Bila ya hiyo rehani, nililipa 322,610. Ukilinganisha na ile karatasi ya mstari mmoja, ni tofauti ya zaidi ya shilingi elfu 62. Siwezi kusema yule wa kwanza alitaka kunidhulumu, kwa kuwa hesabu yake sikuonyeshwa, na ndiyo sababu nilimwacha.

Lawama yangu kwa wakili wangu ni simu. Ilifika wiki mbili nzima sipati jibu, wala ujumbe, nami nimeshatoa karibu nusu milioni ya arubuni. Karani wake hakujua lolote. Moyo uliniuma siku zile, na nilimwambia ana kwa ana. Aliomba radhi, na kuanzia hapo kila Ijumaa nilipata ujumbe, hata kama ni "bado tunangoja kaunti."

Nampa nyota nne kati ya tano. Mdogo wangu anatafuta kiwanja Mtwapa, na ile fulskepu nimeshampa.