Vicheza MP3 vya kadi kwa wanafunzi: shule inunue, ila kwa macho mawili

Kwa masomo ya lugha, na zaidi kwa wanafunzi wasioona, kicheza MP3 cha kadi, yaani kifaa kidogo kinachocheza sauti zilizo kwenye kadi ya kumbukumbu, kinastahili fedha za shule. Vitufe vyake vinatambulika kwa kupapasa, na hakina intaneti ya kumvuta mtoto kando.

Kadi ya GB 32 inatosha na kubaki: somo la saa moja lililorekodiwa kwa mono (sauti ya njia moja) ya kbps 64 (kilobiti 64 kwa sekunde) huchukua takribani MB 29. Tatizo ni kwamba vifaa vingi vya bei nafuu hucheza mafaili kwa mpangilio wa kunakiliwa, si wa majina. Nakili somo la 1 kwanza, kisha la 2, la sivyo darasa zima litapotea.

Kinachokufa mapema ni waya wa hedifoni, pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu watoto huchomoa kwa kuvuta waya. Chagua hedifoni ambazo waya wake hubadilishwa peke yake. Zile za kuzamisha sikioni zisishirikiwe kabisa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kifaa kisichoweza kuwekewa kikomo cha sauti, shule isikipokee hata kikiwa cha msaada.