Darasa la Jumamosi la sarufi na insha, Tudor, Mombasa: sentensi safi, saa hawajali

Kwa mzazi anayemwandaa mtoto kwa mitihani ya kujiunga ambayo shule za kibinafsi hutunga zenyewe, darasa hili lina thamani. Ni saa mbili, watoto hawazidi kumi, shilingi 500 kwa kipindi.

Kazi bora hapa ni ya kuunganisha sentensi. Ubaoni huandikwa: "Feri ilifika gatini. Abiria walishuka. Mvua ilikuwa ikinyesha." Mtoto azigeuze bila "halafu" wala "kisha": "Feri ilipofika gatini, abiria walishuka japo mvua ilikuwa ikinyesha." Halafu "japo" hutangulizwa, aone koma inavyohama. Kishazi tegemezi kikitangulia, koma hukifuata; kikija nyuma, mara nyingi haihitajiki. Mwisho huongezwa sentensi fupi: "Wote walilowa." Aya hapo hupata pumzi. Zoezi hili moja linazidi kurasa nzima za kukariri ngeli.

Makosa yanayosakwa ni ya watoto wetu hasa. "Mtu ambaye anayeuza" ni urejeshi mara mbili. Ama "ambaye anauza" ama "anayeuza". "Kitabu yangu" na "samaki kubwa" hurekebishwa papo hapo. Ritifaa, ile alama ya juu katika ng', nayo haiachwi: kung'oa mti ni kitu kimoja, ngoa ya wivu ni kingine. Na mtoto akiandika "ndia" kwa "njia", haambiwi lugha ya nyanyake ni mbovu. Huelezwa kwamba karatasi inataka Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinastahili heshima hiyo.

Usemi halisi, yaani kunukuu maneno ya msemaji, ndio umepuuzwa. Umetengewa kipindi kimoja tu, na madaftari bado yana "Nenda upesi", mama alisema. Koma ilipasa kukaa ndani: "Nenda upesi," mama alisema. Wengine husahau kabisa alama za kufunga, msahihishaji asijue nani anasema.

Kasoro kubwa zaidi ni saa. Insha zote huandikwa bila kupimiwa muda, kwa hiyo mtoto hupamba utangulizi ukurasa mzima, kisa kikakatika. Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, hadi ulipokoma 2023, ilikuwa ya dakika 40, na kipimo hicho bado kinafaa nyumbani: 5 za kupanga, 30 za kuandika, 5 za kusoma upya kwa sauti ya chini huku kalamu ikisaka nukta na koma zilizoachwa.

Kabla ya kulipa, omba uone daftari lililosahihishwa.