Mizania ya virutubisho ya FAO: jedwali zuri linalotaka msomaji makini

Jedwali la mizania ya virutubisho vya mashamba, ambalo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hulitoa bure katika kanzidata yake ya FAOSTAT, nimelitumia kwa muda sasa, na ninalipendekeza kwa kila afisa ugani. Linaonyesha kwa kila nchi, kuanzia mwaka 1961, kiasi cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu kilichoingia shambani kwa mbolea za viwandani na samadi, na kiasi kilichoondoka na mavuno. Ukizihamishia takwimu hizo kwenye ramani, utaiona China ikiwa na ziada kubwa ya naitrojeni, huku nchi nyingi za kusini mwa Sahara zikiwa na ziada ndogo au upungufu.

Safu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni ile ya ufanisi, yaani kirutubisho kilichoondoka na mavuno kikilinganishwa, kwa asilimia, na kilichoingia shambani, kwa sababu asilimia kubwa humdanganya msomaji aliyezoea kwamba alama ya juu ndiyo ushindi. Chukua ekari moja ya mahindi iliyowekwa mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, bila samadi, ikatoa magunia 20 ya kilo 100. Mfuko ule una kilo 23 za naitrojeni, ilhali punje za mavuno hayo hubeba takriban kilo 30. Ufanisi unafika asilimia 130, na mkulima anaweza kupongezwa kwa kutumia mbolea vizuri, kumbe zile kilo saba, na nyingine zilizopotea kwa mvua na hewani, zimechotwa kwenye akiba ya udongo. Jopo la wataalamu wa naitrojeni la Umoja wa Ulaya lilipendekeza mwaka 2015 kwamba ufanisi ukae kati ya asilimia 50 na 90. Kipimo hicho kingepaswa kuandikwa kando ya safu yenyewe.

Vipimo navyo vina mtego. Fosforasi katika jedwali ni fosforasi halisi, lakini namba ya 46 kwenye mfuko wa DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, ni asilimia ya oksidi yake, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una fosforasi halisi ya kilo 10 tu, wala si 23.

Upungufu ninaouona mkubwa ni kwamba wastani wa taifa hauoni tofauti ya shamba na shamba. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mahindi hubaki kwenye mabua: jirani mmoja huyalaza shambani yakaoza, mwingine huyabeba yote kuwalisha ng'ombe na samadi ikaishia kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Katika jedwali wote wawili wana namba moja, kwa hiyo mimi hulitumia kuonyesha hali ya nchi, na kabla ya kumshauri mkulima humwuliza kwanza mabua yake yalikwenda wapi.