Saa Janja ya Bei Nafuu: Ipi Ununue, na Ipi Uiache Dukani

Anayeingia Kariakoo kutafuta saa janja ya bei nafuu hukutana kwanza na saa zenye kioo kikubwa cha mraba, mkanda wa rangi ya machungwa na kitufe cha kuzungusha ubavuni, zilizotengenezwa kwa kuigiza Apple Watch Ultra, ambazo muuzaji humhakikishia kwamba zinapima mapigo ya moyo, presha, oksijeni, joto la mwili na hata sukari. Bei yake ni ndogo, umbo lake linapendeza, na orodha ya kazi zake ni ndefu kuliko ya saa inayouzwa mara kumi zaidi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mnunuzi huyo, kabla hajatoa fedha. Ninaamini kwamba akiongeza kiasi fulani juu ya bei ile, hata kama itambidi asubiri mwezi mmoja akijikusanyia, atapata kifaa cha mtengenezaji anayejulikana kitakachofanya kazi chache kwa uhakika, mradi aamue mapema kazi hizo ni zipi na aitazame vizuri simu aliyonayo mfukoni.

Anza na simu yako

Saa janja ya bei nafuu haijitegemei. Hupokea wakati, arifa na majina ya wanaopiga kutoka kwenye simu kupitia Bluetooth, na huhifadhi takwimu zake katika programu iliyowekwa kwenye simu hiyo. Saa isiyopatana na simu yako inabaki kuwa bangili tu. Apple Watch haiunganishwi na simu ya Android, hata ukipewa bure. Nazo saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021, pamoja na bangili yake ya Galaxy Fit3, hazikubali iPhone. Xiaomi, Amazfit na Huawei hukubali simu za pande zote mbili, ingawa mwenye Android anayechagua Huawei ajiandae kupakua programu ya Huawei Health kutoka AppGallery, ambalo ni duka la programu la Huawei wenyewe, ili aipate ikiwa katika toleo jipya.

Kuna lalamiko moja linalojirudia sana: saa iliyokuwa ikileta ujumbe wa WhatsApp katika wiki ya kwanza imeacha kuuleta, na mwenye saa anaamini imeharibika. Mara nyingi saa ni nzima. Simu nyingi tunazotumia, zikiwamo za Tecno, Infinix na Xiaomi, huzifunga programu zinazofanya kazi kwa chinichini ili kuokoa chaji, na programu ya saa inapofungwa mawasiliano yote hukatika. Ingia kwenye mipangilio ya simu, itafute programu ya saa, iruhusu kujiwasha yenyewe na uiondolee vizuizi vya betri. Fanya hivyo kabla ya kuirudisha saa dukani.

Vipimo vya afya

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoweza kuumia. Mgongoni mwa saa kuna taa ndogo za kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga kiasi cha damu katika mishipa ya kifundo cha mkono hupanda na kushuka, hivyo mwanga unaorudi kwenye kihisi nao hubadilika. Saa huyahesabu mabadiliko hayo na kukuonyesha idadi ya mapigo kwa dakika. Saa nzuri ya bei nafuu huifanya kazi hii vya kutosha mtu akiwa ametulia au anatembea. Hukosea zaidi mkono unapotikisika sana, mkanda unapolegea, au panapokuwa na tatuu nzito mahali saa inapokaa.

Kipimo cha oksijeni kinahitaji tahadhari kubwa zaidi, na kwetu sisi kuliko wengine. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine jinsi vifaa vya hospitali vinavyobanwa kidoleni vilivyokuwa vikiwadanganya madaktari: pale kifaa kilipoonyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, wagonjwa weusi ambao kwa kweli walikuwa chini ya asilimia 88 walifikia asilimia 11.7, ilhali kwa wagonjwa weupe walikuwa asilimia 3.6. Ikiwa kifaa cha hospitali kinaweza kuipita hatari hiyo bila kuiona kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, saa ya mkononi isiyotengenezwa kama kifaa cha tiba haifai kutumiwa kuamua kama mgonjwa apelekwe hospitali au abaki nyumbani.

Presha ni vivyo hivyo. Saa za Samsung zenye kipimo cha presha hulazimu mtumiaji kuzilinganisha na mashine ya kawaida ya mkanda wa hewa kila baada ya siku 28, na Huawei Watch D ina kifuko halisi kinachojaa hewa ndani ya mkanda wake. Saa ya bei ya chini isiyo na kifuko na isiyolinganishwa na chochote inakisia tu. Ama sukari, tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kuipima yenyewe bila kutoboa ngozi, kwa kuwa ilikuwa haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa kutazama namba ya saa kama hiyo anaweza kuanguka na asiamke. Mwenye mzazi mwenye kisukari au presha ninamsihi anunue kwanza mashine halisi ya kupimia, na saa ije baadaye.

Mpangilio wangu

Nimeupanga mpangilio huu kwa kumfikiria mtu anayetumia Android, anayetaka kuona nani anapiga bila kutoa simu kwenye daladala, kuhesabu hatua zake na kufuatilia usingizi na mapigo ya moyo.

Kwa mtu huyo naiweka mbele Xiaomi Smart Band 9, iliyotoka mwaka 2024. Umbo lake ni la bangili zaidi kuliko saa, na wapo watakaoikataa kwa sababu hiyo, lakini wepesi huo ndio unaoifanya ivaliwe usiku kucha, na saa inayovuliwa usiku haipimi usingizi. Kioo chake ni cha AMOLED, aina ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, chenye mwangaza unaofikia niti 1,200 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), hivyo husomeka juani, jambo ambalo vioo vingi vya bei rahisi hushindwa. Mtengenezaji anaahidi siku 21 kwa chaji moja. Ukiacha kioo kikiwaka muda wote, yeye mwenyewe anasema zitashuka hadi 9. Chukua ahadi za betri za kila kampuni kwa namna hiyo, kama kipimo cha juu kabisa ambacho matumizi yako yatakipunguza. Inastahimili maji kwa kiwango cha 5ATM, ambacho nitakieleza mwishoni. Haina spika wala maikrofoni, kwa hiyo utaona jina la anayepiga lakini hutaongea kupitia mkononi, na haina GPS yake. Ukiikuta Smart Band 10 ya mwaka 2025 kwa tofauti ndogo ya bei, chukua hiyo, kwani kioo chake ni kikubwa kidogo na kinang'aa zaidi.

Inayofuata ni Redmi Watch 5 Lite, ya kampuni hiyohiyo, kwa mtu anayetaka saa yenye sura ya saa. Kioo chake cha AMOLED kina inchi 1.96, ina GPS ndani yake, na mtu anaweza kupokea simu na kuongea kupitia saa yenyewe maadamu simu iko karibu. Dereva wa bajaji au mama anayepika mikono ikiwa na unga ataona faida yake siku ya kwanza. Angalia jina kwa makini, kwa sababu Redmi Watch 5 Active inafanana nayo kwa jina na kuuzwa pembeni yake, ilhali kioo chake ni cha LCD, aina inayotegemea taa iliyo nyuma yake, na haina GPS. Muuzaji asiyetofautisha hizo mbili anaweza kukutoza bei ya moja akakupa nyingine, pengine bila kukusudia.

Kwa anayekimbia kwa dhati, ningezivuka zote mbili na kwenda kwenye Amazfit Bip 6, iliyotoka mwaka 2025 kwa dola 79.99 nchini Marekani. Huku kwetu usafirishaji, ushuru na thamani ya shilingi huisukuma juu zaidi ya hapo. Inapokea mifumo mitano ya satelaiti, unaweza kuiwekea ramani na kuitumia bila intaneti, ina kiwango cha 5ATM, na betri yake inaahidiwa siku 14. GPS iliyo ndani ya saa ina maana kubwa kwa mkimbiaji, kwa sababu saa isiyo nayo hukadiria umbali kwa kuhesabu hatua au huazima GPS ya simu, na hapo inakubidi ukimbie na simu mkononi. Mkanda wake ni wa milimita 22 wa kawaida, ambao hata fundi saa wa mtaani anaweza kukubadilishia. Ipo katika nafasi ya tatu kwa bei tu. Mwenye fedha hiyo asisite.

Samsung Galaxy Fit3 ya mwaka 2024 ninaipendekeza kwa sababu moja: wazee. Inaweza kutambua mtu anapoanguka, na kubonyeza kitufe chake mara tano hutuma ombi la msaada kwa watu uliowapanga. Inahitaji simu ya Android iwe karibu, kwa hiyo haimsaidii mzee anayeacha simu ndani na kwenda shambani. Haina GPS wala spika, na kwa matumizi mengine haiishindi Smart Band 9. Kuna jambo dogo la kumweleza mzee mapema. Saa hizi huchukua wakati kutoka kwenye simu, hivyo aliyezoea kurudisha mishale ili saa yake isome 1 inapokuwa saa moja asubuhi hataweza kufanya hivyo bila kuvuruga kengele na takwimu zake za usingizi.

Oraimo, chapa iliyo chini ya Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, ninaiweka baada ya hizo. Saa zake za bei ya chini mara nyingi zina kioo cha TFT, ambacho ni aina ya LCD, na hazina GPS. Nguvu yake ni kwamba inapatikana kirahisi, na vituo vya huduma vya Carlcare viko katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Kwa anayeishi mbali na maduka makubwa, saa ambayo chaja yake inapatikana mjini kwao inaweza kumfaa kuliko iliyo bora kwenye karatasi, kwa maana kila aina ya saa ina chaja yake ya sumaku na ikipotea ile ya jirani haiingii.

Mwenye iPhone anayevutiwa na Apple Watch iliyotumika asinunue Series 3, ambayo iliachwa nje ya watchOS 9, mfumo unaoendesha saa za Apple, mwaka 2022, atafute SE. Ahakikishe muuzaji ameifuta saa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza, kwani iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haifunguki. Azoee pia kuichaji kila siku.

Saa za kuigiza nimeziweka mwisho kabisa. Tatizo lake kubwa si umbo la kuazima. Programu zake huja kwa majina yasiyo na kampuni inayojulikana nyuma yake, huomba ruhusa ya kuona majina yote ya simu, ujumbe na mahali ulipo, na zikiacha kufanya kazi simu inapopata toleo jipya la Android hakuna wa kumwuliza.

Kabla ya kuondoka dukani

Kwa wa Zanzibar, Tanga au Mombasa wanaoogelea baharini, tafuteni 5ATM. Kiwango hicho ni shinikizo sawa na la maji yaliyotulia ya kina cha mita 50, si ruhusa ya kupiga mbizi. IP68, kiwango kingine cha kustahimili maji na vumbi, pekee hupimwa kwa kuzamishwa kwenye maji baridi yaliyotulia. Vyovyote iwavyo, suuza saa kwa maji ya bomba baada ya chumvi, na ivue unapooga kwa sabuni na maji ya moto, maana mvuke na sabuni huharibu mipira inayozuia maji.

Omba saa iwashwe na kuunganishwa na simu yako mwenyewe hapohapo, kisha mtu akutumie ujumbe uone kama unafika. Itoe nje juani uisome. Wengine hujaribu kuifunga kwenye chupa waone kama itatoa mapigo, lakini jaribio hilo lisikutishe, kwa kuwa hata kihisi cha kweli kinaweza kudanganyika na kitu kisicho na uhai. Lililo bora ni hili: kaa utulie, hesabu mapigo yako shingoni kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili na ulinganishe, halafu panda ngazi haraka na urudie. Saa iliyo nzima itapanda pamoja na moyo wako, na ile ya kubuni hubaki palepale au kurusha namba zisizohusiana. Baada ya hapo dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yenye jina kamili la saa, na utunze boksi lake mpaka waranti iishe.